Hema Juu ya Mafiga

Kila nikilifungua hema langu la zamani, moshi ndio unaotoka kwanza. Si moshi wa kuonekana kwa macho, ni harufu: kuni za mkaratusi, dagaa wakavu na mahindi ya mbegu, yaani jikoni kwa Bibi kabisa. Nimelifua hema hilo kwa sabuni ya unga, nimelifua kwa sabuni ya mche, nimelianika siku tatu mfululizo hapa Izia ambapo upepo unaezua bati, na bado. Wiki iliyopita nililitandaza uani ili nilikague kwa ajili ya safari ya wanafunzi wangu. Mwanangu wa mwisho akatoka ndani akiuliza nani ameunguza maharage. Nikamwambia hakuna aliyeunguza maharage, ni mimi niliyeunguza kitu, tena zamani sana. Akataka kujua ni kitu gani. Nikamsimulia yeye, na sasa naona niwasimulie na ninyi, maana nimeshaanza, na mimi nikianza jambo huwa siliachi katikati. Wanaonijua wananiita king'ang'anizi na sijawahi kuwabishia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu wa jiografia, Mwalimu Desideri, mtu mwembamba mwenye hatua ndefu. Kila Desemba shule ikifungwa alichukua wanafunzi kumi na wawili, akawatembeza kutoka mjini Sumbawanga, kupitia Mollo, mpaka ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale nchi yetu ya juu inapokatika ghafla na bonde la Ziwa Rukwa likaonekana lote kule chini. Walilala nje siku mbili. Wazazi walimwuliza kwa nini asiwapeleke Julai wakati hakuna mvua. Yeye alijibu kwamba Julai mtoto anajifunza baridi tu, na baridi sisi tumezaliwa nayo, ila Desemba anajifunza kukaa mkavu.

Ziwa lenyewe nilikuwa sijawahi kuliona. Nilikula samaki wake, nilichora ramani yake kwenye daftari, nikapata alama zote, lakini sikuwahi kuliona. Wenzangu waliokwenda mwaka uliotangulia walirudi wakitembea kwa kuringa, na ukiwauliza likoje wanakwambia, "Ah, huwezi kuelewa mpaka ufike." Neno hilo lilinikera mpaka usingizini. Nikajiapiza kwamba mwaka huo nitafika, hata iweje.

Kikwazo kilikuwa Baba. Baba alikuwa mtunza stoo ya nafaka, na kazi ile alirudi nayo mpaka nyumbani. Vijiko vyetu alijua idadi yake. Jembe likitoka shambani alilipokea mlangoni, akaligeuza, akalipiga kwa ukucha kusikia kama mpini umelegea. Nilipompelekea karatasi ya Mwalimu Desideri aliisoma mara mbili. Iliandikwa viatu vigumu vya kufunga kamba, hema au turubai, blanketi, koti la mvua na chombo cha maji. Akavua miwani.

"Shule haina vifaa hivi?"

"Haina, Baba. Kila mtu anakuja na vyake."

"Sawa. Vitafute, bibi yako akusaidie. Ukivipata, vitunze. Jumamosi kabla ya safari nitavikagua. Nikikuta kitu kimoja kimeharibika, unabaki nyumbani. Mtu aliyeshindwa kutunza kiatu siwezi kumruhusu akalale porini."

Mama wakati ule alikuwa Chala akimwuguza dada yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea isipokuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akiishi nasi na kulitawala jiko. Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa utani wetu ule wa bibi na mjukuu. Nilimkuta jikoni akipepeta ulezi, nikamwamkia, nikakaa chini na kununa.

"Mke mwenzangu, usininunie mimi," akasema. "Baba yako hajakataa. Angetaka kukataa angekohoa kwanza. Umemsikia akikohoa?"

Sikumsikia. Bibi akapeleka macho kwenye debe la ulezi lililokuwa pembeni, ulezi wa shamba lake mwenyewe, akalipiga kofi mbavuni.

"Basi hili ni lako. Jumamosi tunakwenda."

Tulikwenda kwenye mitumba, kwa mama mmoja aitwaye Mama Fausta, ambaye alikuwa na kazi mbili: mchana aliuza nguo kuukuu, na mwisho wa juma aliuza pombe ya ulezi nyumbani kwake. Kwa mtu wa namna hiyo debe la ulezi safi lina sauti. Alitumbukiza mkono mpaka chini kuona kama hatujaficha makapi, akautoa, akapuliza kiganja, akasema tuchague.

Macho yangu yalikimbilia viatu vyekundu vyenye kamba za njano. Jamani, vilikuwa vizuri. Nilikwisha kujiona ndani yake nikipita mbele ya darasa zima. Bibi alikichukua kimoja, akakishika ncha mbili na kukikunja, na kiatu kikakunjika katikati, pale tumboni.

"Hiki kimevunjika mgongo," akasema, akakirudisha.

Kisha akachimbua chini ya rundo mpaka akaibuka na jozi ya viatu vya rangi ya udongo, vizito, vibaya, kama vya mzee wa reli. Akakikunja kimoja, kikakunjika kwenye vidole tu. Akaingiza mkono ndani, akapapasa kila kona kutafuta msumari. Akanusa. Mwisho akanivalisha, akaniambia nisukume mguu mbele mpaka vidole viguse, akapitisha kidole chake nyuma ya kisigino changu.

"Kimeingia. Hapo patakaa soksi nene. Kingegoma, ungeacha kucha zako kwenye mteremko."

Mteremko aliujua. Alipokuwa msichana walikuwa wakishuka Lyamba kufuata chumvi na samaki, peku, mzigo kichwani, na kupanda tena. Alikuwa na haki ya kuzungumza juu ya miguu, ingawa viatu vyake vya kwanza alivaa siku ya ndoa, na alisema vilimuumiza kuliko mlima.

Hema tulilipata kwa bahati. Lilikuwa limesokomezwa ndani ya mfuko wa kijani, na Mama Fausta alikuwa akiliuza kama gunia. Nilipoona zipu nikajua. Tukalikunjua katikati ya watu, Bibi akashika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaliinua kuelekea jua, akachungulia kitambaa chote kutafuta tundu. Hapakuwa na hata moja. Kijiti kimoja tu kilikosekana, na kijiti si kitu, mianzi ipo. Bibi alilipapasa kwa tamaa.

"Ukikosa safari," akasema, "hili litafaa sana kuanikia ulezi."

Nilikasirika kwelikweli. Nilimwambia hakuna atakayeanika ulezi juu ya hema langu. Alicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki zile za kwanza niliishi kwa ajili ya vifaa vile. Viatu nilivipaka mafuta ya nguruwe usiku na asubuhi. Hema nililisimamisha uani kila nikitoka shule, nikalibomoa, nikalisimamisha tena, mpaka nikaweza kulimaliza kabla sufuria ya chai haijachemka. Ndipo Novemba mvua ya kwanza ikanikuta nimelisimamisha na kujisahau kwa jirani. Niliporudi hema lilikuwa limelowa chapachapa, na viatu, nilivyokuwa nimeviacha mlangoni mwake kwa maringo, vilikuwa vimejaa maji.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa bidii. Jikoni kwa Bibi, juu ya mafiga, palikuwa na uchaga, fito zilizopangwa karibu na paa, nyeusi tii kwa masizi. Kila kitu cha thamani kilikaa pale. Mahindi ya mbegu yalining'inia pale na maganda yake, kwa sababu moshi ukipita fukusi hagusi. Mbegu za ulezi zilikaa pale ndani ya kibuyu. Dagaa, maharage ya mbegu, mpini mpya wa jembe, hata cheti cha ubatizo cha Bibi ndani ya mkebe wa majani ya chai, vyote juu ya moshi. Panya hafiki, unyevu haufiki, mdudu hafiki. Kwetu sisi kumwambia mtu "kitu chako kipo juu ya uchaga" ilikuwa sawa na kumwambia alale usingizi.

Kwa hiyo nilimwuliza Bibi nikaushie wapi vitu vyangu, na wote wawili, bila kupanga, tukatazama juu. Alinishikia kigoda nikapanda. Nikavipanga viatu vikiwa vimeshiba mafuta, nikalilaza hema pembeni yake, limekunjwa vizuri. Vilipokauka nikaona ya nini kuvishusha, vikae salama mpaka siku ya ukaguzi. Vikakaa wiki nne. Kila nikiingia kusonga ugali nilitazama juu, nikaona ncha za viatu vyangu, nikafurahi. Siku za baridi nilichochea moto kwa magunzi ya mahindi, na mnajua magunzi yalivyo, yakishika hurusha cheche mpaka darini.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ukaguzi, shule ikiwa imefungwa, nikapanda kigoda kuvishusha.

Kiatu cha kwanza kilikuwa kigumu mfano wa ubao. Nilipokishika kisigino, soli ilibaki upande mmoja ikining'inia. Cha pili nilikuta soli imekwisha kuachia yenyewe, gundi imeyeyuka na kukauka tena kwa vipande vya njano. Ngozi ilikuwa na nyufa pale vidoleni. Hema nililifungua nikiomba. Lilikuwa na masizi upande mzima, na matundu saba, kila moja likiwa na ukingo mgumu, mweusi, uliojikunja. Mengine ningeweza kupitisha ngumi. Bibi alikuwa amesimama chini akilipokea, na nilimwona anapitisha kidole chake kwenye tundu moja, akakitoa, akakipitisha kwenye jingine. Nilitaka aseme lolote, anigombeze hata, lakini alikaa tu kwenye kigoda chake akilitazama hema lile mapajani.

Nililia. Sitadanganya kwamba sikulia. Nililia nyuma ya jiko mpaka kamasi zikanitoka, kisha nikachoka, nikasikia hasira zinapanda mahali pa machozi. Kulikuwa na siku mbili. Siku mbili si chache. Nikaosha uso kwenye ndoo ya kuku, nikafunga viatu ndani ya kanga, nikaenda kwa fundi.

Fundi Gaspar alikuwa na kibanda njia panda. Alikipokea kiatu, akakigonga kwa nyundo, kikalia ko-ko. Akanitazama juu ya miwani.

"Ulikipika kwa mkaa au kwa kuni?"

"Kwa kuni, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, hii ni ngozi. Ni ngozi vilevile kama yako. Wewe nikupake mafuta, nikulaze juu ya moto mwezi mzima, utatoka ukoje?"

Nikamwambia ningetoka nimeiva. Akacheka, lakini akasema ana kazi za wiki nzima, nirudi Jumatano. Nikamweleza kuhusu Jumamosi, Baba, ziwa na yote. Akasema anasikitika. Nikakaa chini kwenye kizingiti chake. Watu waliingia wakinivuka. Akaniambia niende nyumbani, nikasema sawa, nisiende. Ilipofika saa nane alishusha pumzi, akanirushia soli moja na kipande cha tairi kuukuu.

"Huna adabu, lakini una makalio mazito. Mimi nitatoboa, wewe utashona. Mikono yangu haina nafasi."

Nikashona. Alitoboa tundu kwa tundu kupita tairi, soli na ngozi, nami nikapitisha uzi wa nailoni mnene uliopakwa nta, nikivuta kwa meno pale mkono uliposhindwa. Vidole vilichanika. Alinifundisha kwamba kiatu kikilowa hukaushwa kivulini, ndani kimejazwa magazeti, penye upepo, pole pole. Mafuta hupakwa kidogo, siku nyingine kidogo tena, na kiatu hakioni moto hata siku moja. Jua lilipokuwa linazama nilikuwa nimemaliza jozi yote. Zile nyufa tulizijaza nta. Sikuwa na cha kumlipa, naye hakuuliza, isipokuwa alinitaka nimletee habari za ziwa kwa sababu naye hakuwahi kufika.

Ijumaa ikabaki kwa ajili ya hema. Nilitafuta kitambaa kila mahali. Pamba ingevuja, gunia lingevuja, mfuko wa plastiki ungepasuka kwenye mshono. Nilikuwa nimekaa uani nimezungukwa na matambara yasiyofaa, Bibi akatoka chumbani kwake, ameshika kitambaa cheusi mkononi, chepesi, laini, kimekunjwa. Nilikitambua. Kilikuwa cha mwavuli wake, mwavuli wa kwenda nao kanisani, ambao Jumapili za masika aliubeba wima kuliko hata padri alivyobeba msalaba.

"Bibi, mwavuli wako umefanya nini?"

"Upepo uliugeuza juzi nikitoka jumuiya. Mbavu zote zimevunjika. Nimeshautupa, nikasema kitambaa nisikitupe."

Upepo wetu mnaujua, miavuli huvunjika kila wiki. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na furaha, na mtoto mwenye furaha hana maswali. Tulikata duara saba, tukashona kwa mkono, yeye upande huu na mimi upande ule, kiraka kikipita kidogo ukingo ulioungua ili uzi ushike pazima. Kisha akaleta kipande cha mshumaa wa Pasaka, akanionyesha jinsi ya kukisugua juu ya mshono mpaka kila tundu la sindano likazibwa. Masizi yaligoma kutoka, na harufu ndiyo kabisa. Bibi akasema harufu haipitishi maji.

Jumamosi asubuhi Baba aliweka meza uani, akavaa miwani ya kazini. Nikavipanga vifaa kwa kufuata orodha. Blanketi, sawa. Koti, sawa. Chombo cha maji alikijaza, akakigeuza juu chini, sawa. Viatu alivikunja, akavuta soli kwa nguvu zake zote, akahesabu mishono kwa ukucha. Kisha akatandaza hema na kulizunguka taratibu, mikono nyuma.

"Viraka saba."

"Saba, Baba."

"Vilikuwepo ulipolinunua?"

Nimeshawaeleza kwamba lilikuwa hema la mitumba. Mitumba huja na viraka, kila mtu anajua. Neno "ndiyo" lilikuwa hapo kwenye ulimi, na nyuma ya neno hilo kulikuwa na ziwa zima. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko wake, ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza.

"Havikuwepo," nikasema. "Hema lilikuwa zima. Nililiweka juu ya mafiga, likaungua. Viatu navyo vilibanduka soli. Nimeviharibu mimi, na nimevitengeneza mimi."

"Nilisema nini?"

"Ulisema siku ya ukaguzi ukikuta kitu kimeharibika, sitakwenda. Siku ya ukaguzi ni leo. Leo hakuna kilichoharibika. Mwaga maji, uone."

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Baba akavua miwani, akaivaa. Akaniambia nilisimamishe. Nikalisimamisha na kijiti changu cha mwanzi. Akaniambia niingie, nifunge zipu. Nikiwa humo gizani na harufu ya dagaa nikasikia ndoo ya kwanza inamwagika juu yangu, ikifuatiwa na ya pili, na ya tatu akaimwaga kwa kuilenga, kiraka kimoja kimoja. Nilikaa nimekumbatia magoti, nikiangalia duara zile nyeusi juu yangu, nikiziomba. Tone moja lilinidondokea puani.

"Tone moja, Baba," nikapiga kelele. "Kwenye zipu."

Mimi nikajua basi, nimejimaliza mwenyewe.

"Zipu haina kiraka," akasema kutoka nje. "Hilo ni la kiwandani. Toka. Ukirudi utaniandikia ulichobeba na ulichorudisha."

Na hakukohoa.

Nilikwenda. Wenzangu waliliita hema langu jiko. Njia nzima kuanzia Mollo walikuwa wakiniuliza, "Skola, ugali umeiva?" na mimi nikawajibu wanawe mikono. Siku ya pili alasiri, tukiwa karibu na ukingo, mvua ilishuka na upepo wake, ikabeba turubai mbili za wavulana zikaenda zao. Katika jiko langu tuliingia watano, magoti kwa magoti, na hapakuwa na aliyeuliza tena habari za ugali. Mvua ilipokatika Mwalimu Desideri akatuita. Nchi iliishia hapo miguuni kwangu, na kule chini kabisa, baada ya misitu na ukungu, ziwa lilikuwa limelala jeupe, refu, bila mwisho. Nilisimama na viatu vyangu vibaya mpaka wakanivuta mkono. Njiani kurudi soli ya kushoto ilianza kuachama kwenye kidole, nikaifunga kwa kamba ya katani na kuendelea. Fundi Gaspar nilimpelekea habari za ziwa Jumatano, siku ileile aliyotaka nirudi.

Sasa kuna jambo ambalo sikuliona wakati ule, na nilikuwa na macho mazuri tu. Masika ile ilikuwa ndefu. Kila Jumapili Bibi alikwenda misa ya kwanza na kurudi amelowa, kitenge kimemganda mabegani, maji yanachuruzika kwenye kidevu. Nilimwambia ajifunike hema langu, akacheka. Baba alimwambia atamnunulia mwavuli mwingine, akamkatalia, akasema miavuli inamchosha mkono na ameshaizoea mvua. Tukamwamini. Miaka ikapita, nikaenda chuo cha ualimu, nikapata mshahara wa kwanza, nikamnunulia shuka zito na viatu vya kufunika visigino. Mwavuli sikumnunulia, kwa sababu mwenyewe alisema haupendi.

Alipofariki, baada ya arobaini, tulibomoa lile jiko la zamani kujenga la matofali. Mimi ndiye niliyepanda kushusha vitu vya uchaga, kwa kuwa nilikuwa na uzoefu. Nilishusha mahindi ya mbegu, kibuyu, mkebe wa cheti cha ubatizo. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, mbali na njia ya cheche, palikuwa na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Nikakifungua palepale juu ya kigoda. Ulikuwa mwavuli, mifupa mitupu bila kitambaa. Nikaisukuma pete yake juu, na mbavu zote nane zikafunguka kwa pamoja, zimenyooka, hakuna hata moja iliyopinda. Pale kitambaa kilipokuwa kimeshonwa, nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa wembe, moja moja, kwa uangalifu.

Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Na nilijionea haya, kwa sababu mara zote nilipoisimulia habari hii nilikuwa nikisema nilivitengeneza mwenyewe. Hata Baba nilimwambia hivyo, mbele ya Bibi, naye alisimama pale na mwiko wake akaniacha niseme.

Basi hayo ndiyo niliyomsimulia mwanangu, tukiwa uani, hema limetandazwa kati yetu. Viraka bado vipo, vyote saba, na kila mwaka kabla ya safari navipitishia mshumaa upya. Jumatatu tunaondoka, wanafunzi kumi na wawili, na nimeshamkagua kila mmoja viatu. Mwanangu alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akanusa kitambaa, akauliza kwa nini nisinunue hema jipya, siku hizi yapo. Nikamwambia ashike upande wake, tulikunje.